Wazee wa Benchi la Daphrose

Gihosha, Bujumbura
16 Machi 1997

Kwako Benite, binti yangu, mama yangu mdogo,

Salamu kutoka kwa baba yako, ambaye bado ana meno yake yote isipokuwa yale unayoyajua. Barua hii anakuletea Mwavita, yule mwanamke wa mawese anayevuka ziwa mpaka kwenu Kigoma. Mpe chai yenye sukari nyingi, maskini, maana huku sukari tunaisikia kwa jina tu.

Utakuwa umesikia kwamba bulangeri imefungwa. Usishtuke. Mgiriki, bosi wetu, alituita wote mbele ya tanuri la mikate, akasema ambargo ya nchi jirani imemaliza unga, meli haziji, malori hayaji, na tanuri halioki upepo. Akampa mkono kila mmoja wetu. Ni kwa muda mfupi, alisema. Mimi nikamwambia: patron, toka ujana wangu naamka saa nane ya usiku kukanda mikate ya watu, acha na mimi nilale kidogo kama askofu. Watu walicheka, hata yeye.

Jumapili nikitoka misa nashuka mtaani Jabe kwa Daphrose, pale kwenye kabare yake ya bia, tunakaa kwenye benchi letu. Unawakumbuka: Zénon aliyestaafu posta, anayesahihisha Kifaransa cha kila mtu; Méthode fundi cherehani, mwizi wa karata; na Radjabu, anayekunywa Fanta tu na bado anapiga kelele kushinda walevi. Zamani wao walinunua bia na mimi nilileta mkate wa moto kwenye kitambaa. Sasa mkate hakuna, lakini hawana neno. Tunakaa vizuri.

Mama yako anakusalimu sana. Wabusu watoto.

Baba yako,
Namegabe

*

Kigoma, 9 Aprili 1997

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, mume wangu Moïse akacheka mpaka akapaliwa. Eti kama askofu! Lala, Baba. Umewalisha watu miaka yote hiyo, nani atakulaumu ukijinyoosha? Jirani yangu hapa anasema baba yangu anakula maisha: hana bosi, hana saa, anakaa na wenzake Jumapili. Nikamwambia ndiyo, na anastahili.

Mimi nilikuwa na hofu sana niliposikia habari za bulangeri. Nilifikiri utakonda kwa mawazo. Sasa moyo umetulia. Tafadhali usiende kutafuta kazi nyingine, kazi za kubeba mizigo na nini. Umri wako ni wa kukaa kitako na kuamkiwa.

Watoto wanauliza Babu atawaletea lini mkate wa umbo la samaki. Nimewaambia ambargo ikiisha.

Mwanao,
Benite

*

Gihosha, 27 Mei 1997

Benite mwanangu,

Mi sijui kuandika kama baba yako, lakini hii barua usimuonyeshe mutu. Ukijibu, Mwavita anipe mi mwenyewe sokoni, asilete nyumbani.

Baba yako anakudanganya. Ile mambo ya benchi ni uongo. Kila Jumapili alikuwa anavaa koti, anaweka kofia, ananiambia, "Naenda kwa wenzangu." Mi nikawa nafurahi, ju mu nyumba hasemi kitu. Anaamka saa ile ile ya tanuri, anavaa viatu, anakaa kwenye kitanda na viatu yake mu miguu, anangoja kuche. Nikimuuliza, anasema mwili haujapata habari kwamba kazi iliisha. Mara ya kwanza nilicheka.

Sasa Jumapili moja nilipita kwa daraja ya Ntahangwa, naenda kuona mugonjwa. Nikaona mutu amekaa juu ya jiwe, anaangalia maji. Nikasema, ule muzee anafanana na bwana yangu. Kumbe ni yeye! Na koti, na kofia. Nikajificha nyuma ya ukuta kama mwizi, mi muke wake. Alikaa pale mpaka saa ile anarudiaga, akapangusa suruali, akashika njia ya nyumbani. Alipofika nikamuuliza baba yako, Zénon iko namna gani. Akasema, "Anakusalimia."

Jioni nikamwambia nilimuona. Hakukasirika, ingekuwa heri akasirike. Alisema, "Adélaïde, mkono mtupu haulambwi. Wao wananunua, mimi naleta nini? Nikae kila Jumapili ninywe ya watu kama nzi?" Nikamwambia, lakini wale ni marafiki yako. Akasema, ju ni marafiki njo maana hataki.

Tangu ile siku haendi hata darajani. Analala. Na we ulimuandikia alale. Sikusemi vibaya, mutoto wangu, hukujua. Lakini ile barua yako ameiweka chini ya kichwa yake, na nikimwambia asimame, anasema Benite ameniambia nipumzike.

Mama yako,
Adélaïde

*

Kigoma, 20 Juni 1997

Mama yangu mpendwa,

Mungu wangu, nimefanya nini? Nimeisoma barua yako jikoni, nikakaa chini. Mama, huyo anaumwa. Mtu mzima hawezi kulala hivyo bure. Itakuwa malaria imejificha, au sukari, au damu. Mpeleke dispensari, hata kwa kumburuta. Ninakutumia dagaa na kipande cha kitenge kwa mkono wa Mwavita, uza, umpeleke.

Na usiache kuniambia. Hata yakiwa mabaya.

Benite

*

Gihosha, 30 Agosti 1997

Benite,

Asante ya dagaa. Dispensari tulienda. Tulitembea kwa miguu, basi haina mafuta, na kila mahali askari wanasimamisha watu. Baba yako alikuwa anapumzika kila kona. Na zamani alikuwa anabeba gunia ya unga kwenye bega moja na kuimba!

Muganga alipima damu. Akanitoa inje, akaniambia: "Mama, hana malaria. Muzee amejaa mawazo. Hii mwaka naona wengi, wale kazi yao ilikufa, na wazee njo wanaumia zaidi, ju kijana anaweza kukimbia kutafuta kwingine, muzee anakimbia wapi? Kidonge ya hii sina. Asikae peke yake. Mutafutie watu."

Majirani wao wanasema amerogwa. Wamama ya sala walikuja kumuwekea mikono. Alikaa na adabu yake yote, wakamaliza, akawaambia asante. Walipotoka akaniambia, "Waambie wasisumbuke, shetani mwenyewe hana kitu cha kuchukua hapa." Nilifikiri anatania kama zamani. Nikamuangalia, hakuwa anatania.

Mi nawapata wapi watu? Wenyewe hawaji. Jabe mi sijafika tangu mafuta ilikosa. Na yeye amenikataza nisiseme kwa Zénon kitu. Alisema nikisema, hatanisamehe.

Mama yako

*

Kigoma, 4 Oktoba 1997

Mzee Zénon, shikamoo.

Mimi ni Benite, binti wa Namegabe wa bulangeri. Wewe ulinifundisha kuandika anwani kwenye bahasha nikiwa mdogo, pale posta. Nakuandikia kama mtoto wako.

Baba haumwi mwili. Ana haya. Hana mkate wa kuwaletea, basi anaona hafai kukaa nanyi. Ninajua mkimwita hatakuja. Nimewaza sana, nikaona kama yeye haji kwenye benchi, basi benchi liende kwake. Mama atakuwa na bia nyumbani, nimepeleka samaki na mawese avibadilishe. Ninyi mje tu Jumapili moja, wote, mkae naye kiwanjani, mbishane kama kawaida yenu. Asijue imetoka kwangu. Aone tu kwamba mmemkumbuka.

Nakupigia magoti, Mzee wangu. Nina baba mmoja.

Benite

*

Bujumbura, 26 Oktoba 1997

Mademoiselle Benite (kwangu wewe utabaki Mademoiselle hata ukiwa bibi),

J'accuse réception ya barua yako. Nimeipokea, na imenigusa. Baba yako ni chumvi ya benchi letu. Kila Jumapili tunaacha nafasi yake wazi, na mtu akitaka kukaa pale tunamfukuza.

Nimetuma neno kwa Méthode na kwa Radjabu, kila mmoja nyumbani kwake. Wamekubali. Tutakuja Jumapili ya tarehe 23 ya mwezi ujao.

Uwe na moyo.

Zénon

*

Gihosha, 25 Novemba 1997

Benite wangu,

Walikuja. Heri wasingekuja.

Nilipanga vizuri, Mungu anajua. Nilipata kasha ya bia, na Fanta ya Radjabu. Mvua ilikuwa inatisha, nikaomba turubai ya kanisa, vijana wakaifunga mu kiwanja. Viti yetu haitoshi, nikaazima kwa majirani. Wazee wakafika, moja moja, wamevaa makoti. Na wamekonda! Mi nilifikiri ni baba yako tu. Wakakaa, kofia mu mikono, mvua inapiga juu.

Nikaingia mu chumba, nikasema, "Baba Benite, vaa koti, una wageni." Nilimfungia vifungo mi mwenyewe, na furaha. Akatoka mpaka kwa mulango. Akaangalia turubai. Akaangalia viti ya watu, na kasha ya bia, na wale wazee wamenyamaza. Akauliza pole pole, "Nani amekufa?"

Benite, kama mutu moja tu angecheka! Lakini walikuwa wanamuangalia vile amebaki mifupa, midomo ikawashinda. Na mi pia. Njo nikaona kile tulifanya, mi na we. Kwetu hapa, ni lini watu wanakuja pamoja, bia inafika, wanakaa chini ya turubai, na mwenye nyumba hakuwaita? Si matanga hiyo? Hata mutoto angejua. Tulitafuta furaha mpaka tukasahau inafanana na nini.

Baba yako akazunguka, akapa kila mutu mukono. "Asante kwa kuja. Poleni. Poleni." Vile vile tunasemaga kwa kilio. Zénon akamshika bega, akasema, "Namegabe, nafasi yako iko pale kwa Daphrose, kila Jumapili tunakungoja." Baba yako akasema, "Kunyweni, isiwe bure." Akarudi mu chumba, akalala na koti yake, akageukia ukuta.

Wale walibaki kidogo. Hawakujua kama waende ao wabaki. Ile bia nyingi iko hapa, sijui nifanye nayo nini.

Mama yako

*

Gihosha, 14 Desemba 1997

Benite, mama,

Nimejua wageni walitoka kwako. Usimgombeze mama yako, nilimbana mpaka akasema. Wala sikugombezi wewe. Ulitaka kuniinua, na mtoto anayetaka kumwinua baba yake hana kosa.

Watu wengi wanakufa bila kujua nani atakuja kwenye matanga yao. Mimi nimewaona, mpaka viatu vyao. Radjabu alimaliza Fanta yake yote, nilimsikia kupitia dirisha akivuta ya mwisho. Hiyo ilinifurahisha kidogo.

Sasa nikuambie ukweli mara moja, maana nimechoka kutunga. Siumwi mahali. Ila asubuhi inakuja, na sijui inakuja kumtafuta nani. Zamani mji huu ulikuwa haujanawa uso, tayari umekula kutoka kwenye mikono yangu: wakubwa wa ofisi, wafungwa, masista, wote. Nilifikiri wananihitaji mimi. Walihitaji mkate. Mkate ulipokosekana wamekula mihogo, na siku imeendelea.

Najua vita ni vya wote, na ambargo ni ya wote. Wenzangu pia nimeona makoti yao yamelegea. Lakini wao bado wanakwenda, mama. Zénon aliniambia. Kila Jumapili wanakaa, wanabishana, Méthode anaficha karata chini ya paja. Wana njaa kama mimi na bado ni wanaume. Basi ugonjwa huu si wa ambargo, ni wangu. Ni mimi peke yangu niliyeanguka kutoka kwenye lori, na lori halikusikia.

Usije Krismasi. Ziwani si pazuri, na sitaki unione hivi. Nikumbuke nikiwa na unga kwenye nyusi.

Baba yako

*

Kigoma, 3 Januari 1998

Baba yangu,

Nilikuja. Hukunikataza kwa nguvu ya kutosha. Nilipanda boti na Mwavita, tukarudishwa na askari kabla hatujaona hata taa za Bujumbura. Nimekaa ufukweni nalia kama mtoto, na watu wananiuliza nimeibiwa nini.

Barua yako ya kweli nimeisoma mara nyingi. Inaniua, na bado naitaka kuliko zile zote za kuchekesha. Niandikie nyingine kama hiyo. Niambie tena kwamba hujui asubuhi inamtafuta nani. Mimi nitakujibu kila mara kwamba inakutafuta wewe, hata ukichoka kusoma. Sitakuambia tena upumzike. Sitatuma tena watu. Nitajaribu tena mwezi wa pili, na safari hii nitapitia Uvira, upande wa Kongo.

Kula, Baba. Kidogo tu. Kwa ajili yangu, kama unavyomlisha mtoto mkaidi.

Benite

*

Gihosha, 8 Februari 1998

Mwanangu Benite,

Kaa chini kwanza. Uwe na mutu karibu.

Barua yako ya mwezi wa kwanza ilifika, baba yako tumeisha kumuzika. Nilitaka nikuandikie siku ile ile, mukono ulikataa. Ilikuwa homa, homa ndogo tu, ile mutu anatembea nayo sokoni. Lakini ilimkuta hana nguvu ya kuikataa, na hakutaka kuitafuta. Nilikuwa ninamuwekea uji mu kinywa, anameza ju ananihurumia. Siku ya mwisho aliniambia, "Samahani, Adélaïde." Nikamuuliza samahani ya nini. Hakuniambia. Barua yako nilimsomea kwa kaburi, yote, mpaka pale umeandika ale.

Sasa sikiliza hii, ju siwezi kubaki nayo peke yangu.

Siku ya kuondoa matanga Daphrose alikuja. Alipanda kwa miguu kutoka Jabe, na ule mwili wake. Wazee walikuwa wamekaa: Zénon, Méthode, Radjabu. Daphrose alipowaona akapiga mikono, akaanza kuwagombeza mbele ya watu: "Eh! Kumbe muko wazima! Wazee wangu, niliwakosea nini? Tangu Pasaka ya mwaka jana sijaona hata moja wenu. Namegabe hakuja, Zénon hakuja, hata Radjabu na Fanta yake. Benchi nimeiingiza ndani, kuku njo wanalalia!"

Mi nikamuangalia Zénon. Nikasema, "Si ulimwambia munamungoja kila Jumapili?" Akainama. Méthode akamgeukia, akamuuliza, "Na we pia? Haukuwa unaenda?" Radjabu akaanza kulia, mutu muzima, mbele ya watoto.

Benite, hakuna mutu alikuwa anaenda. Hakuna hata moja! Méthode hana kitambaa ya kushona, alikuwa anaona haya. Pansheni ya Zénon haifiki, alikuwa anaona haya. Duka ya Radjabu iliisha. Kila mutu alilala kwake, anageukia ukuta wake, anafikiri wale wengine wamekaa kwa Daphrose wanacheka. Hata ile siku ya turubai walikaa pamoja, kila moja anawaficha wengine. Na Zénon akamdanganya baba yako kwa heshima, asijue kwamba na yeye alianguka. Angesema tu, "Ndugu yangu, na mi pia." Maneno ine ao tano! Baba yako angecheka mpaka mvua ikatike.

Nilikasirika. Niliwafukuza. Niliwaambia wamemuua bwana yangu na adabu yao. Wakasimama, wakachukua kofia, wakaenda. Halafu nikawaona mu barabara, kila moja anashika njia yake, migongo imepinda, moyo ukanishtuka. Nikawaza, wakifika kila moja kwake na kufunga mulango, tutawazika wote. Nikawakimbilia bila viatu, ninaita. Méthode alirudi. Radjabu alirudi. Niliwapa maji, hakuna kingine, wakakaa mpaka jioni. Zénon hakugeuka.

Jana nilienda kwake. Nilibisha. Akaniambia akiwa ndani, na ile sauti yake ya posta, "Madame Adélaïde, nisamehe, siwezi kukufungulia. Sina hata kiti ya kukukalisha."

Nikamwambia, mi naweza kukaa chini.

Hakufungua.

Mama yako,
Adélaïde